Presha Ikipanda Kidogo: Mitishamba Inayosaidia, Inayodhuru, na Mazoezi Yanayoishusha

Ijumaa moja baada ya swala tulitoka msikitini tukakuta meza mbili zimewekwa nje, kila moja upande wake wa lango. Kwenye meza ya kwanza alikuwa muuguzi na mashine ya kupimia presha, akipima watu bure. Ya pili ilikuwa ya muuzaji wa chupa zenye maji ya rangi ya kahawa, na kibao kilichoandikwa kwa mkono: dawa ya presha, sukari, mgongo na nguvu za kiume. Nilikaa kwa muuguzi nikapimwa. Mashine ikasoma 136 kwa 88. "Kaka yangu," akaniambia, "bado hujawa mgonjwa wa presha, lakini uko mlangoni." Nilipoinuka, foleni ya kwenye chupa ilikuwa ndefu kuliko ya kwenye mashine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, kwa sababu swali hilo ni la nyumba nyingi za Pwani. Mtu akiambiwa presha yake imepanda kidogo, hataki kuanza vidonge vya kumeza maisha yake yote. Anataka kujua kama habat soda ya mama itafaa, kama maji ya kitunguu thomu ni kweli, na kama kutembea kutatosha. Jibu ni kwamba kuna mimea inayosaidia, na mazoezi yanasaidia zaidi. Lakini yote mawili yana sharti moja: presha lazima ipimwe, kabla na baada. Bila kipimo, huwezi kujua kama umepona au umejidanganya.

"Kidogo" ni kiasi gani?

Presha huandikwa kwa namba mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa wakati moyo unapopiga, na namba ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Hapa kwetu, na kwa Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa na maradhi ya presha anapofika 140 kwa 90 au zaidi, tena si kwa kupimwa mara moja bali siku tofauti. Chini ya 120 kwa 80 ni salama kwa watu wengi. Kati ya hapo, hususan namba ya juu ikiwa 130 hadi 139 au ya chini ikiwa 85 hadi 89, ndipo panapoitwa mlangoni. Wamarekani walikaza zaidi mwaka 2017, wao huanza kuiita maradhi kutoka 130 kwa 80.

Kwa nini tujali namba ndogo hivi? Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti za dawa za presha zilizohusisha watu zaidi ya 340,000. Ulionyesha kwamba kuishusha namba ya juu kwa 5 tu hupunguza hatari ya kiharusi, mshtuko wa moyo na moyo kushindwa kwa takriban asilimia 10, hata kwa ambao presha yao haikuwa juu sana. Kwa hivyo unaposoma hapa chini kuwa mmea fulani hushusha 3 na zoezi fulani hushusha 8, usizidharau.

Na tatizo si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Presha haiumi. Wengi wetu tunangoja kichwa kiume ndipo tuamini, na wengi hawapati hata hicho kichwa.

Kupima sawasawa

Kipimo kibaya hutoa jibu baya. Usinywe chai, kahawa wala kahawa chungu ya barazani, na usivute sigara, nusu saa kabla ya kupima. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano bila kuzungumza, miguu miwili chini, isipandane. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi, si juu ya kanzu au buibui. Kitambaa kiwe saizi ya mkono wako, kwani kidogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu ya uongo. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, uandike zote.

Mashine ya kufunga juu ya kiwiko ni bora kuliko ile ya kifundo cha mkono. Kama huna, zahanati ya serikali itakupima. Pia kuna wahudumu wa afya ya jamii: Septemba 2023 serikali iliwatuma wahudumu wapatao 100,000 kote nchini wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Muulize mzee wa mtaa ni nani anayehudumia nyumba zenu.

Wako watu ambao presha hupanda kwa kumuona daktari tu, na wako ambao zahanatini wako sawa lakini nyumbani imepanda. Ndiyo maana wiki moja ya kupima nyumbani, asubuhi na jioni, husema kweli zaidi kuliko kipimo kimoja cha kwenye kambi.

Mimea yenye ushahidi

Nianze na ua jekundu linalouzwa sokoni kwa jina la hibiskasi, ambalo Waarabu huliita karkade na ndugu zetu wa Tanzania huliita rozela au choya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo, hasa watu wa aina yangu. Kundi moja lilikunywa vikombe vitatu vya chai ya ua hilo kwa siku, kundi jengine likanywa kinywaji cha kufananisha. Baada ya wiki sita, namba ya juu ilishuka kwa takriban 7 kwa wanywaji wa ua, na kwa 1 kwa wenzao. Chai yenyewe haikuwa na miujiza: maua yaliyokaushwa, kiasi cha kijiko kidogo kwa kikombe, yakalowekwa kwenye maji moto dakika sita. Tatizo letu ni sukari. Karkade yenye vijiko vitano vya sukari hukurudisha ulikotoka kwa njia nyengine. Mjamzito asiitumie. Anayemeza dawa za presha amwambie daktari kwanza, maana vikikutana vyaweza kushusha kupita kiasi.

Kitunguu thomu kimefanyiwa utafiti mara nyingi. Tafiti zilipokusanywa pamoja, watu wenye presha ya juu walishuka kwa karibu 8 namba ya juu na 5 namba ya chini, jambo la kutia moyo. Lakini nyingi zilitumia vidonge vya kitunguu thomu ambavyo kiasi chake hupimwa, wala si punje mbili za kumeza alfajiri. Ukikitumia jikoni, kiponde au ukikate, ukiache dakika chache kabla ya kukitia motoni, kwani kile kiini chake chenye nguvu hutokea baada ya kupondwa na moto wa haraka hukiua. Tahadhari ni kwamba kitunguu thomu kwa wingi hufanya damu iwe nyepesi. Anayetumia warfarin, aspirini au clopidogrel, na anayesubiri upasuaji, asimeze vidonge vyake bila ruhusa ya daktari.

Bitiruti hufanya kazi kwa njia ya ajabu. Ina naitreti, ambayo bakteria walioko ulimini huigeuza, kisha mwili hutengeneza hewa inayolegeza mishipa ya damu. Mwaka 2015 watafiti wa Queen Mary, London, waliwapa watu 64 wenye presha glasi moja ya maji ya bitiruti, mililita 250, kila siku kwa wiki nne. Presha ilishuka kwa takriban 8 kwa 4. Walipoacha, ikarudi ilikokuwa ndani ya wiki mbili. Hilo ni somo kwa mimea yote: husaidia unapoitumia, haiponyi kisha ikaondoka. Dawa za kusukutua mdomo zinazoua vijidudu hudhoofisha kazi ya bitiruti kwa sababu huwaua bakteria hao. Mkojo ukiwa mwekundu usishtuke. Lakini mwenye mawe ya figo aiepuke, na mwenye sukari aile nzima badala ya kuikamua.

Nimeiweka habat soda mwisho kwa heshima, kwa kuwa ndiyo inayozua maneno mengi. Sote twajua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inayoisifu kuwa ni ponya ya kila maradhi isipokuwa mauti. Muislamu haitilii shaka. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2016 zilionyesha kuwa hushusha presha kwa karibu 3 kwa namba zote mbili, katika muda wa wiki nane hivi. Ni kweli husaidia, na ni kweli pia kwamba aliye 160 hatafika 130 kwa habat soda peke yake. Mtume (s.a.w.) aliisifu mbegu hiyo, na yeye huyo huyo alihimiza kutafuta tiba. Anayeitumia hadithi moja kuwafanya watu waiache nyengine, amechukua nusu ya mafundisho. Wajawazito wasiitumie kwa wingi.

Inayosifiwa kuliko ushahidi wake

Mlonge, ambao Wagiriama na Wadigo huuita mzungwi, ni mboga njema yenye madini. Upike kama mboga za majani nyengine na utafaidika. Lakini ungaunga wake unaouzwa kwenye vikopo kwa bei ya kuku hauna utafiti wa kutosha kwa watu kuthibitisha kuwa unashusha presha. Tangawizi na mdalasini vimeonyesha dalili ndogo, ni viungo vizuri vya chai, basi. Mwarobaini jina lake linadai maradhi arubaini, lakini kwa presha ya binadamu ushahidi haujafika, na mafuta yake yakinywewa ni sumu, hasa kwa watoto. Maji ya ndimu ya asubuhi hayana ubaya, ila hayayeyushi mafuta kwenye mishipa kama inavyodaiwa kwenye simu zetu.

Inayopandisha

Hii ndiyo orodha ambayo wauza chupa hawaitaji. Urukususu, ule mzizi mtamu unaotiwa kwenye dawa nyingi za kikohozi na chai za mitishamba, huufanya mwili uzuie chumvi na upoteze potasiamu. Mtu akiutumia kila siku presha hupanda, na moyo waweza kupiga ovyo. Soma karatasi ya chai yako kabla ya kuinunua.

Miraa na muguka ni mimea pia, na ni ya kiasili pia. Kilichomo ndani huuharakisha moyo na kuibana mishipa, na presha hupanda wakati mtu anatafuna. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza marufuku ya muguka, mjadala ulikuwa juu ya vijana, biashara na mahakama. Mishipa ya damu haikutajwa sana. Kijana wa miaka 30 anayetafuna usiku kucha huku akinywa soda na kuvuta sigara, kisha akapimwa akawa 145, hahitaji mtishamba wa kuongeza, anahitaji wa kupunguza.

Pamoja na hayo kuna dawa za dukani ambazo si mimea. Diclofenac na ibuprofen, tunazomeza kwa magoti na mgongo bila kuandikiwa, hupandisha presha zikitumiwa mara kwa mara. Kwa wengi, kinachoitwa presha ya uzee kina vidonge hivyo ndani yake.

Chupa isiyo na jina

Mimea ina nguvu, wala sikatai. Dawa ya reserpine, iliyokuwa miongoni mwa dawa za mwanzo za presha, ilitolewa mwaka 1952 kwenye mzizi wa mti wa Kihindi ambao waganga wa huko waliutumia karne nyingi. Mti mmoja wa ukoo huo huo unamea Pwani yetu, na jina lake la kitaalamu ni Rauvolfia mombasiana, kwa jina la mji wetu. Lakini reserpine ikizidi, mtu huzama kwenye huzuni nzito na presha hushuka kupita kiasi. Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru, na kinachotenganisha mawili hayo ni kipimo. Chupa ya nje ya msikiti haina kipimo, wala tarehe, wala jina la kilichomo.

Mapema miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake wapatao 100 waliharibika figo baada ya kutumia dawa za mitishamba za kupunguza uzani. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwengine wenye sumu, na hakuna aliyejua mpaka figo zilipokufa. Mara nyingi pia maabara za nchi mbalimbali zimekuta dawa za hospitali zimesagwa kwa siri ndani ya chupa zinazoitwa za asili tupu. Ukinywa "mtishamba" ukaona nafuu siku hiyo hiyo, jiulize ni mtishamba kweli?

Hapa Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosajili bidhaa za mitishamba zinazodaiwa kutibu. Kabla ya kununua kopo, tafuta namba ya usajili, orodha ya vilivyomo, kiasi cha kila kimoja, tarehe ya mwisho na anwani ya mtengenezaji. Muuzaji akikwambia uache dawa za hospitali ili yake ifanye kazi, ondoka.

Nalisema hili kwa uchungu. Mjomba wangu alikuwa na presha ya 150 na kitu, akimeza kidonge kimoja kila usiku, na alikuwa salama. Akauziwa chupa, akaambiwa asichanganye. Akaacha kidonge. Alijisikia vizuri, mwepesi, akaisifia ile chupa kila barazani. Miezi minne hakupimwa hata mara moja, kwa sababu alijiona amepona. Asubuhi moja akaamka mdomo umekwenda upande. Leo mkono wake wa kulia hauwezi kushika tasbihi, na anavuta nyuradi kwa wa kushoto. Familia haikuwahi kujua kilichokuwamo kwenye chupa ile.

Mazoezi yanayoishusha

Mwaka 2023 Jarida la Uingereza la Tiba ya Michezo lilikusanya tafiti 270 za watu zaidi ya 15,000 likalinganisha mazoezi kwa jinsi yanavyoshusha presha ya mtu akiwa amepumzika. Kutembea kwa kasi, kukimbia, kuogelea na kuendesha baiskeli kulishusha namba ya juu kwa takriban 4.5. Kunyanyua vitu vizito kukashusha kiasi hicho hicho. Kuchanganya aina hizo mbili kukashusha 6. Na zoezi lililoshinda yote, kwa 8, ni lile la kukaza misuli bila kusogea.

Zoezi hilo halihitaji hela wala nguo maalumu, na dada zetu wanaweza kulifanya ndani ya nyumba zao. Egemeza mgongo ukutani, shuka taratibu mpaka mapaja yawe kama umekaa kwenye kiti kisichokuwapo, miguu mbele kidogo. Kaa hivyo dakika mbili. Pumzika dakika mbili. Rudia mpaka zitimie mara nne. Fanya siku tatu kwa wiki. Usizuie pumzi, hesabu kwa sauti au lete dhikri ili pumzi iendelee kutoka. Anayeanza atashindwa kufika dakika mbili, basi aanze na nusu dakika, tena asishuke sana. Mwenye magoti mabovu, mwenye maradhi ya moyo, au ambaye presha yake iko juu sana, amuone daktari kabla.

Kwa kutembea, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao waweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba kaswida. Mombasa tuna njia ya kutoka Ngome hadi Mama Ngina chini ya mibuyu, upepo wa bahari ukikupiga usoni. Lamu kuna mwendo wa kandokando ya bahari hadi Shela. Malindi na Diani kuna ufuo, maji yakitoka mchanga huwa mgumu na miguu haichoki. Baada ya alfajiri ni wakati mzuri, jua bado halijawa kali. Nafurahi kuona makundi ya akina mama wenye buibui na raba wakitembea wanne wanne saa kumi na mbili na nusu. Kinachonisikitisha ni kuona wengine wanamaliza mwendo kwenye karai la kachri zenye chumvi na pilipili.

Kuna wanaosema swala tano zinatosha kuwa mazoezi. Swala ni ibada, tusiipunguze kwa kuifanya jimu. Rukuu na sujudu hunyoosha viungo, lakini si mwendo wa nusu saa. Hatua za kwenda msikitini kwa miguu ndizo zinazohesabika, pengine ndizo tulizozipoteza tangu bodaboda zianze kusimama mlangoni.

Usisahau chumvi

Hakuna mtishamba unaoweza kushindana na mkono mzito wa mpishi. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo kwa kila kilicholiwa, si kwa sufuria moja. Pwani ndiko chumvi ya nchi inakotoka, kule Gongoni na Marereni, na sisi ndio tunaoila kwa ukarimu. Papa na ng'onda, achari ya embe, vipande vya supu vya karatasini, viazi karai vya kuchovya na mikate ya dukani, vyote vina chumvi ndani yake hata kama hukunyunyiza. Ng'onda iloweke usiku na umwage maji. Pilau ikiwa na bizari nzuri ya kukaangwa haihitaji vile vipande vya supu.

Upande wa pili wa chumvi ni potasiamu, ambayo husaidia kuitoa mwilini. Tunayo kwenye madafu, ndizi, kunde, mchicha, viazi vitamu na parachichi. Lakini mwenye maradhi ya figo, na anayemeza dawa kama enalapril au losartan, asizidishe madafu wala asinunue chumvi ya potasiamu bila ushauri, kwani ikizidi husimamisha moyo. Vilevile balungi hugongana na dawa za nifedipine na felodipine, huzifanya ziwe kali kuliko alivyokusudia daktari.

Mpango wa miezi mitatu

Kwa aliye mlangoni kama nilivyokuwa mimi, huu ndio mpango uliotoka kwenye yote hayo.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Pima asubuhi na jioni, andika kwenye daftari. Huo ndio mwanzo wako.

Kuanzia wiki ya pili, tembea nusu saa siku tano na fanya zoezi la ukutani siku tatu. Punguza chumvi nusu. Chagua mmea mmoja tu, kama karkade isiyo na sukari, vikombe vitatu kwa siku. Ukichanganya mitano kwa pamoja na ukadhurika, hutajua ni upi. Ukisaidika, hutajua pia.

Kila wiki pima siku mbili. Mwisho wa mwezi wa tatu nenda na daftari kwa daktari. Namba ikiwa imeshuka chini ya 130 kwa 80, alhamdulillahi, endelea. Ikiwa imebaki pale pale, zungumza naye. Ikifika 140 kwa 90 siku tofauti, kubali dawa. Kidonge si aibu wala si upungufu wa tawakali, na mazoezi na karkade vyaweza kuendelea pamoja nacho kwa ushauri.

Mpango huu si wa kila mtu. Mwenye kisukari, maradhi ya figo, au aliyewahi kupata kiharusi au maradhi ya moyo, huenda akahitaji dawa hata akiwa 130 na kitu, hivyo asingoje miezi mitatu. Mjamzito aliyefika 140 kwa 90 aende hospitali siku hiyo hiyo, asinywe mtishamba wowote. Na yeyote ambaye mashine imesoma 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kukata pumzi, kuona kiza, ulimi kuwa mzito, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, hiyo ni dharura. Asipewe ndimu wala asisomewe kwanza. Apelekwe, dua isomwe njiani.

Mimi miezi mitatu imepita. Kipimo changu cha mwisho kilikuwa 126 kwa 81, si ushindi wa kutangaza, lakini nimerudi nyuma hatua kadhaa kutoka mlangoni. Sijui ni ukuta, ni karkade, au ni ng'onda niliyoipunguza. Daktari anasema ni vyote. Nilipopita msikitini Ijumaa iliyopita meza mbili zilikuwapo tena. Nilimshika mkono kijana mmoja aliyekuwa akitoa pesa kwa muuza chupa, nikamwambia, "Mwanangu, pima kwanza." Alinitazama, akacheka, akaenda kwenye meza ya muuguzi.